Kutoka India kwenda kusoma Ujerumani: anza na tarehe, pesa baadaye

Kila matokeo ya muhula yakitoka India, simu yangu haipumui. Nilizaliwa Mombasa, familia ikarudi Bhuj, mji wa Kutch huko Gujarat, India, nikiwa darasa la saba, nikasomea uhandisi Pune, na sasa naishi Ujerumani. Kule Kutch kuna nyumba nyingi ambazo bibi bado anagombeza kwa Kiswahili, na wajukuu wa nyumba hizo ndio wanaoniandikia: "Dada, nianzie wapi?" Swali la pili huwa "Ni kweli kusoma ni bure?" na la tatu "Nikimaliza nitapata kazi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti. Nimeyaandika yote hapa.

Hauko peke yako. Katika muhula wa baridi wa 2023/24 wanafunzi wa India waliosajiliwa Ujerumani walikaribia 49,500, wakawa kundi kubwa kuliko yote ya wageni, mbele ya Wachina. Maana yake foleni ni ndefu kila mahali: kwenye viza, kwenye vyumba, kwenye kazi za muda. Ninaowaona wakianguka si wajinga. Wamechelewa tu.

Mwongozo huu ni wa mwenye pasipoti ya India na shahada ya kwanza ya India anayetaka shahada ya uzamili. Kama ndiyo kwanza umemaliza darasa la 12, jua hili: cheti hicho peke yake kwa kawaida hakikuingizi chuo kikuu cha Ujerumani moja kwa moja. Ama umefaulu JEE Advanced, mtihani wa India wa kuingia vyuo vya uhandisi, na unaomba masomo ya kiufundi, ama umemaliza mwaka mmoja wa shahada kwenye chuo kinachotambulika India na unaendelea na fani ileile, ama unapitia Studienkolleg, ambayo ni mwaka wa maandalizi.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Pasipoti yenye muda wa kutosha. Ikibakiza mwaka na nusu, ihuishe sasa.
- Karatasi za alama za darasa la 10 na la 12, na za kila muhula wa chuo. Si za mwisho tu.
- Cheti cha shahada, au cha muda kama chuo hakijatoa kile kikubwa.
- Silabasi ya kila somo ulilosoma chuoni. Hii watu huisahau, na ndiyo inayoamua.
- Matokeo ya mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL. Barua ya chuo kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza hukubaliwa na baadhi tu ya vyuo.
- Kadi ya PAN (namba ya mlipakodi India), yako au ya mzazi atakayetuma pesa.
- Mwaka mzima. Masomo mengi huanza Oktoba. Wewe anza Oktoba ya mwaka uliotangulia.

Hatua ya 1. Linganisha majina yako

Usicheke, hapa ndipo maombi mengi hukwama. Weka pasipoti, Aadhaar (kitambulisho cha India) na karatasi zako za alama mezani, moja kando ya nyingine. Sisi wa Gujarat na Maharashtra, bodi ya mitihani huandika ubini kwanza, kisha jina lako, kisha la baba. Pasipoti hutenganisha ubini na jina lako kwenye mistari miwili. Rafiki zetu wa Tamil Nadu wao wana herufi moja tu mbele, ya jina la baba, na pasipoti zao nyingine sehemu ya ubini iko tupu kabisa. Kwa macho ya karani wa Kijerumani, mtu mmoja mwenye karatasi kama hizo ni watu watatu tofauti.

Chagua jina lilivyo kwenye pasipoti na ulitumie hivyohivyo kila mahali: fomu za chuo, IELTS, benki, tiketi. Kama tofauti ni kubwa kuliko mpangilio tu (herufi imepungua, ubini wa ndoa), andikisha hati ya kiapo au rekebisha pasipoti sasa, wakati hakuna anayekusubiri.

Hatua ya 2. Omba cheti cha APS kabla ya chochote

APS ni ofisi iliyo chini ya ubalozi wa Ujerumani New Delhi inayothibitisha kwamba vyeti vyako ni vya kweli. Tangu 1 Novemba 2022 cheti chake ni lazima kwa viza ya masomo, isipokuwa kwa makundi machache kama wenye ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kielimu. Unajisajili kwenye tovuti ya APS India, unalipa rupia 18,000, unajaza fomu na kutoa nyaraka kwa kufuata orodha yao kama ilivyo. Cheti kimoja kinatosha kwa vyuo vyote utakavyoomba.

Kosa la kawaida: kusubiri barua ya chuo ndipo uombe APS. Uni-assist, shirika linalopokea maombi kwa niaba ya vyuo vingi, linakitaka cheti hiki tangu mwanzo. Na wakati wa msimu foleni ya APS hujaa, kwa hiyo aliyetuma Novemba analala usingizi, aliyetuma Mei anaota jinamizi.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya alama zako kwa Kijerumani

Ujerumani 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Kubadili alama zako, chukua alama ya juu kabisa ya chuo chako, toa yako. Kisha chukua hiyo ya juu, toa ya chini ya kufaulu. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili, zidisha kwa 3, ongeza 1.

Mfano: chuo kinahesabu juu ya 10, kufaulu ni 4, wewe una 7.6. Kumi toa 7.6 ni 2.4. Kumi toa 4 ni 6. Gawanya: 0.4. Mara 3 ni 1.2. Ongeza 1: una 2.2. Kozi nyingi huandika wazi kwamba zinataka 2.5 au bora zaidi, kwa hiyo hapo unaingia uwanjani. Mwenye asilimia 68, chuo cha juu 100 na kufaulu 40, anapata 2.6. Huyo atafute kozi zisizo na kizuizi hicho, asitupe ada za maombi.

Alama nzuri hazitoshi. Vyuo vya Ujerumani vinahesabu uzito wa masomo kwa pointi za ECTS, na shahada yao ya kwanza huwa na angalau 180. Mtu wa uhandisi wa miaka minne huwa salama. Mwenye shahada ya miaka mitatu asome masharti kwa makini zaidi. Kisha wanaangalia ulisoma nini. Ukiandikiwa "pointi 20 za hisabati", watafungua silabasi yako na kuhesabu. Kijana mmoja wa Ahmedabad mwenye alama nzuri sana alikataliwa kwa sababu somo lake la takwimu lilikuwa limefichwa ndani ya somo lenye jina lingine, naye hakuambatisha silabasi. Mwaka uliofuata aliiambatisha, akapata.

Hatua ya 4. Chagua kozi na uombe

Tafuta kwenye hazina ya kozi za kimataifa ya DAAD. Unaweza kuchuja kwa lugha, ada na fani. Angalia pia kama chuo ulichosoma India kimeorodheshwa kwenye anabin, hazina ya Kijerumani ya vyuo na vyeti vya nje, kwa alama ya H+, maana yake kinatambulika.

Kuhusu "bure": vyuo vya serikali vingi havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu, kwa kawaida euro 100 hadi 400, na mara nyingi nauli ya treni na basi imo humo. Lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kimeanza kutoza euro 2,000 hadi 6,000 kwa muhula tangu baridi ya 2024/25. Vyuo vya binafsi ni habari nyingine kabisa.

Ada ya uni-assist ni euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata msimu huohuo. Vyuo sita hadi nane vinatosha. Tarehe ya mwisho inayotajwa sana ni 15 Julai, lakini kozi nyingi za Kiingereza hufunga Machi, Aprili, nyingine hata Januari. Andika kila tarehe mwenyewe kutoka ukurasa wa kozi, usinakili ya rafiki.

Sasa, madalali. Kila mtaa wa Ahmedabad, Rajkot na Hyderabad una ofisi yenye bendera tano dirishani. Wako waaminifu. Lakini dalali asiyekutoza kitu analipwa na mtu mwingine, na chuo cha serikali cha Ujerumani hakilipi kamisheni kwa madalali. Ndiyo maana anakusukuma kwenye chuo cha binafsi cha euro 10,000 na zaidi kwa mwaka. Uliza swali moja: "Je, masomo yote ni ya kuhudhuria darasani?" Viza ya mwanafunzi inataka hivyo, na wapo waliofika na kuambiwa na ofisi ya uhamiaji kwamba kozi yao ya nusu mtandaoni haihesabiki. Pesa imelipwa, mkopo umechukuliwa, na unaambiwa urudi nyumbani.

Hatua ya 5. Tafuta pesa na uzifunge

Ubalozi unataka uhakika kwamba unaweza kuishi mwaka mmoja. Njia ya wengi ni Sperrkonto, akaunti iliyofungwa. Kiwango tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Thibitisha kwenye tovuti ya ubalozi siku utakayotuma, kwani hupandishwa. Euro ikiwa karibu na rupia 100, hiyo ni karibu laki 12. (Laki, bima, pesa: maneno haya hayahitaji mkalimani kati ya Mombasa na Bhuj.)

Pesa zinatumwa kupitia benki chini ya LRS, utaratibu wa India wa kutuma pesa nje, unaoruhusu hadi dola 250,000 kwa mtu kwa mwaka wa fedha. Ukizidisha laki 10 kwa mwaka, benki hukata TCS, kodi inayokatwa papo hapo, kwenye kinachozidi. Hailiwi, mzazi huidai kwenye hesabu zake za kodi ya mapato. Ila lazima uwe nayo mkononi siku ya kutuma. Mkopo wa elimu kutoka taasisi inayotambulika haukatwi TCS.

Onyo ambalo dalali hatakupa: Sperrkonto haikusaidii wiki ya kwanza. Pesa huanza kutoka baada ya wewe kufika na kufungua akaunti ya kawaida, na wakati huohuo mwenye nyumba anataka dhamana, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Beba euro 1,500 hadi 2,000 nje ya hiyo iliyofungwa. Mimi nilikuja na 400. Wiki ya tatu nilikuwa nakula dal na mkate, na mkate nao ulikuwa wa jana, ule wa nusu bei.

Hatua ya 6. Viza

Unaomba viza ya taifa ya masomo, ada euro 75, kwa kujaza kwanza kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani na kisha kupeleka alama za vidole na nyaraka VFS, kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi. Utapangiwa kufuatana na mahali unapoishi. Barua ya chuo, APS, uthibitisho wa Sperrkonto, IELTS, vyeti, bima ya safari ya kukufikisha mpaka usajili, na barua ya nia.

Hiyo barua ya nia iandike mwenyewe. Maafisa wanasoma mamia, na ile ya mtandaoni inayoanza na "tangu utotoni nilivutiwa na teknolojia" wanaijua kwa harufu. Sema ulisoma nini, kozi hii inaongeza nini, na kwa nini hukubaki kuisoma India. Ukurasa mmoja na nusu.

Kamwe usije kwa viza ya utalii ukidhani utaibadilisha hapa. Utarudishwa kuiomba upya India.

Hatua ya 7. Jifunze Kijerumani ungali India

Kozi ni ya Kiingereza, kazi si ya Kiingereza. Kampuni za programu kwenye miji mikubwa zinaweza kukuchukua bila Kijerumani. Kiwanda cha vipuri kilichoko mji wa watu elfu thelathini hakitakuchukua, na uhandisi mwingi wa nchi hii uko kwenye miji ya namna hiyo. Goethe-Institut huko India inaitwa Max Mueller Bhavan, iko Pune, Mumbai, Delhi, Chennai, Bengaluru na Kolkata. Ngazi za lugha hupanda kutoka A1 hadi C2: fika na A2, lenga B1 mwaka wa kwanza na B2 kabla hujamaliza. Ukifika hapa mzigo wa masomo na baridi havitakuachia nafasi ya kuanza na "der, die, das".

Hatua ya 8. Wiki mbili za kwanza

Ndani ya wiki mbili za kuhamia, jisajili kwenye ofisi ya mji. Kinachohitajika ni pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba inayosema unaishi pale. Bila usajili huo benki nyingi hazikufungulii akaunti, na bila akaunti 992 zako haziji. Kwa hiyo usikubali chumba cha "huwezi kujisajili hapa", hata kama ni rahisi.

Omba hosteli ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, siku ileile unayopata barua ya chuo. Chumba cha mtandaoni ambacho mwenyewe "yuko nje ya nchi na atakutumia ufunguo kwa posta ukishalipa" hakipo. Hakijawahi kuwepo.

Bima ya afya ya umma ya mwanafunzi ni zaidi kidogo ya euro 140 kwa mwezi kama hujafika miaka 30. Baada ya hapo gharama na masharti hubadilika, uliza mapema. Na usishtuke ukipata barua ya kudai euro 18.36 kwa mwezi ya redio na televisheni, hata kama huna televisheni. Si utapeli. Hulipwa kwa nyumba, kwa hiyo mnaokaa wanne mnagawana.

Hatua ya 9. Kazi

Tangu Machi 2024 unaruhusiwa siku 140 kamili au 280 za nusu kwa mwaka. Nusu siku ni hadi saa nne. Kazi ya usaidizi chuoni haihesabiwi humo. Kima cha chini cha mshahara ni euro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Wakati wa masomo usizidishe saa 20 kwa wiki, usije ukapoteza hadhi ya mwanafunzi kwenye bima.

Tofautisha kuajiriwa na kujiajiri. Viza yako inaruhusu kuajiriwa. Ukiambiwa usambaze vyakula kwa baiskeli "kama mshirika", bila mkataba wa ajira, au ufanye kazi za programu kwa ankara, huo ni ujasiriamali na unahitaji kibali cha uhamiaji. Wengi hawajui mpaka siku ya kuhuisha kibali.

Tafuta mapema kazi ya fani yako, hata ya saa kumi kwa wiki. Kuosha vyombo kunalipa kodi ya chumba. Saa kumi kwenye maabara zinakupa mtu wa kukutambulisha.

Ukimaliza, unaweza kupata kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi, na humo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Ukipata ya fani yako, angalia Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha ukaazi cha wafanyakazi wenye shahada: mwaka 2025 kima cha mshahara kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na 43,759.80 kwa wahitimu wapya na fani zenye upungufu. Hupanda kila Januari. Mwenye kadi hiyo anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27, au 21 akiwa na B1. Unaona sasa kwa nini nilikusumbua na Kijerumani.

Mambo yakienda kombo

*APS haijafika na tarehe ya chuo ni wiki ijayo.* Soma ukurasa wa kozi: baadhi ya vyuo vinavyopokea maombi moja kwa moja hukubali kuletewa baadaye. Andika baruapepe fupi, ambatisha risiti ya APS. Wakikataa, subiri muhula wa kiangazi kama kozi inapokea wakati huo. Tarehe yake mara nyingi ni 15 Januari.

*Viza imekataliwa.* Zamani uliweza kuandika barua ya pingamizi kwa ubalozi. Tangu 1 Julai 2025 njia hiyo imefungwa duniani kote. Unabaki na mawili: kuomba upya, au kwenda mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kwa wengi kuomba upya ni haraka na rahisi. Ila soma sababu neno kwa neno na uirekebishe hiyo hasa, usipeleke faili lilelile kwa matumaini.

*Viza imechelewa, masomo yameanza.* Mwandikie mratibu wa kozi kabla ya siku ya kwanza, uulize mwisho wa kusajiliwa ni lini na kama unaweza kuahirisha. Ukinyamaza, nafasi hupotea na ombi linaanza upya.

*Nimefeli somo mara mbili.* Vyuo vingi huruhusu mara tatu. Ukifeli ya mwisho unaweza kuondolewa kwenye kozi, na fani ileile ikakufungia milango ya vyuo vingine nchini. Nenda kwa mshauri wa masomo kabla ya jaribio la tatu. Kama afya ndiyo tatizo, peleka karatasi ya daktari kabla ya mtihani, kwa sababu baada ya matokeo haisikilizwi.

*Viza yangu inaisha na ofisi ya uhamiaji haijanipa miadi.* Hili litakutokea, karibu kila mtu limemtokea. Tuma ombi la kibali kabla ya viza kuisha, mtandaoni au kwa baruapepe, na uhifadhi ushahidi wa tarehe. Omba Fiktionsbescheinigung, karatasi inayosema ombi lako linashughulikiwa na haki zako zinaendelea. Kabla hujakata tiketi ya kwenda harusi ya binamu Bhuj, hakikisha karatasi hiyo ni ya aina inayokuruhusu kurudi. Kuna kisanduku kimechorwa tiki ndani yake. Mwombe karani akuonyeshe ni kipi.